Treni Zako Kwenye Bakuli la Mama Salsabil

Baba Yazid,

Wali upo jikoni. Mchuzi ~~upashe moto~~ kula hivyohivyo, gesi imeisha.

Zile treni za kuchezea ulizosema nizigawe ili mpya zipate nafasi kabatini, jana nilizitia kwenye bakuli la jirani, Mama Salsabil. Aliniletea visheti, ningelirudishaje tupu? Leo asubuhi kanirudishia bakuli limejaa treni! Wala si zako, za mumewe. Kumbe naye anakusanya, na kwake wamemwambia apunguze.

Mie hata sielewi nicheke au ninune. Bakuli lipo hapa tena, na tupu haliendi. Naenda sokoni kutafuta cha kutia.

Hiyo treni nyekundu usiiguse.

Nakujua, umeshaipeleka kabatini.

Mama Yazid