Matawi Mbele ya Lango

Shangazi mpendwa,

Nakuomba uisome barua hii peke yako, na usimwambie mtu hata neno moja lililomo mpaka nikuruhusu mwenyewe.

Asubuhi ile ya mgomo nilikuwa dirishani pa ofisi, nikiwatazama mkiimba nje ya lango la shamba la maua, kila mmoja na tawi la amani mkononi. Mama mmoja wa kitengo cha kufungasha aliniona. "Karani, toka huko kivulini, uje uimbe!" Ukamjibu, "Mwacheni mtoto wangu. Huyo akipigwa na jua atayeyuka." Nilicheka nyuma ya pazia.

Kisha lori la maua likatokea. Wengine walitaka kulizuia. Wewe, mwakilishi wao wa chama cha wafanyakazi, ukawaambia, "Maua hayajagoma. Yapisheni." Mkalipisha. Lilipokwisha kupita mkaweka matawi chini mbele ya lango, mkapiga magoti kuomba, na mlinzi akawapiga picha.

Kampuni ilipowafukuza nanyi mkaishtaki, picha hiyo ndiyo iliyofika mahakamani Nakuru, pamoja na hati ya kiapo yenye jina langu. Meneja alikuwa amenionyesha picha, akaniuliza, "Matawi yako langoni ama hayako?" Nikasema yako. "Basi weka sahihi." Hati ilisema mlifunga njia. Lori halikutajwa, nami sikulitaja. Jaji akaamua kuwa kukusanyika kwa amani ni haki yenu, lakini kufunga lango si amani, na kwa hivyo mlifukuzwa kihalali.

Siku uliyofunga mizigo kurudi Kakamega hukuniuliza kitu. Uliniachia sufuria yako kubwa, ukasema, "Usilale njaa." Afadhali ungenitukana.

Unakumbuka maji ya ziwa yalipoingia chumbani kwetu Kihoto? Uliacha godoro likielea, ukabeba vitabu vyangu kichwani. "Godoro hukauka," ulisema. Vitabu hivyo ndivyo vilivyonipa kazi ya ofisi, na kalamu ya ofisi ndiyo niliyokuangusha nayo.

Nasikia wakili wa chama anatafuta ushahidi mpya ili hukumu ipitiwe upya. Mimi ndiye niliyeliona lori likipita. Nikisema, kazi itakwisha, na huenda nikashtakiwa kwa kuapa uongo. Naogopa, Shangazi, sikufichi. Lakini kila nikipika kwa sufuria ile, nalala njaa.

Sasa nakuruhusu umwambie mtu mmoja tu, huyo wakili. Usinipigie, simu niliyo nayo ni ya kampuni. Yeye naye asikaribie ofisini. Jumapili ibada ikiisha, aje kanisani kwetu Kihoto, benchi la nyuma, pale ulipokuwa ukikaa. Nitakuwa hapo. Akiniona nainuka kutaka kuondoka, aniite kwa lile jina la utotoni ambalo wewe tu huniita. Nitakaa.

Mtoto wa kaka yako