Siku Niliyokataa Kuachia Kisu

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa. Bibi yako mdogo nipo, mtoto wangu anaota meno na usingizi sina. Unauliza kama uikimbie kazi ya hoteli, kwa kuwa bosi anakulazimisha upime virusi vya UKIMWI kwanza. Sheria inamkataza, mwambie kwa adabu.

Ilipojulikana kuwa ninaishi na virusi, wanawake tuliokuwa tunamenya viazi vya michembe, vile vya kukata na kukausha juani, waliniambia, "Wewe anika tu, kisu tuachie."

Nikakaa katikati yao, nikamenya.

"Mimi dawa nameza na kliniki nakwenda. Ninyi mlipima lini?"

Mama mkwe akanisukumia rundo lake. "Basi menya na hivi, mgongo unaniuma."

Usiondoke hapo, mjukuu wangu.

Bibi yako,
Minza