Vifaru Ulivyoviona Italia

Baba,

Ni mimi mwanao, mwalimu. Salamu zitangoja, nianze na ile orodha ya defile, yale maandamano ya sikukuu.

Chama kiliomba majina ya wazee walioona vita vya Wazungu, wapite mbele ya Komiseri siku ya sikukuu. Aliyeandika majina ni mimi. Lako sikuliandika. Nilikwambia eti wakubwa wanataka wenye karatasi za jeshi tu, na wewe ulikuwa mchochea makaa wa meli. Uongo, Baba. Hakuna aliyeuliza karatasi. Niliona haya. Mtaa mzima ulikuita Bwana Kifaru, nikaogopa wanafunzi wangu watacheka ukipita.

Nani angeamini? Muntu wa Kindu, huku kwetu Kongo, ufukweni Italia, vifaru vya Wajerumani vinashuka kilimani kuwarudisha baharini askari mliowashusha! "Vilikaribia, mwanangu, mpaka nikaona matope kwenye minyororo yake." Ulipofika hapo nilidakia, "Mbona hukutuletea kimoja?" Watu wakavunjika mbavu, na wewe ukacheka nasi. Siku ya defile ulisimama kando ya barabara, shati umelipiga pasi mwenyewe, ukawapigia wenzako makofi.

Siku ya tatu ya matanga alifika mzee anayechechemea kutoka Lokandu. Yule Ramazani uliyekuwa ukimtaja, tukasema umembuni! Alisimulia mlivyopeleka risasi ufukweni kwa mashua, vifaru vikaanza kupiga, naye akavunjika mguu pale mchangani. Mashua ilikuwa imeshageuka. Wewe ukaruka majini, ukarudi kumbeba. Hilo hukutuambia hata siku moja. Uliogopa tutalicheka nalo, njo maana?

Halafu akanigeukia: "Nasikia wazee wa vita walifanya defile hapa. Bila shaka alitangulia yeye?"

Nikajibu ulikuwa mgonjwa. Mbele ya watu wote, Baba, na kaburi lako bado bichi! Akasema, "Pole, mwanangu," akanishika mkono. Nilitamani ardhi inimeze.

Miaka yote nilikuona wewe mwongo. Kumbe mwongo wa nyumba hii ni mimi.

Kabla ya arobaini yako nitateremka Lokandu. Nitakaa mbele yake nimwambie ulikuwa mzima wa afya, umesimama kando ya barabara, na aliyekuweka pale ni mwanao. Akinitemea mate, nitapangusa.

Mungu akulaze pema, Baba. Msamaha siuombi leo. Ngoja kwanza nimwambie.

Mwanao