Ufagio Kwenye Mlango wa Fremu ya Baba

Mpendwa Bibi,

Shikamoo. Natumai upepo wa ziwa haukusumbui kifua. Nakuandikia kwa sababu simu yako anaipokea mwanao, Mjomba Salum, na mimi unanijua, kwenye simu maneno huniisha kabla ya salamu.

Mahakama imesema baba hakuwa na haki ya kukata kufuli la duka lako na kutoa vitenge vyako nje wakati ulipokuwa msibani Mbamba Bay. Fremu, chumba cha duka ulichopanga kwa baba, umerudishiwa. Ufunguo ninao mimi. Baba aliuweka mezani bila kunitazama, akamwambia mama, "Mwambie wakili ampelekee bibi yake." Wakili ndilo jina langu siku hizi hapa nyumbani.

Nakumbuka nilivyokuwa nikitoka shule na kukaa kwenye kigoda nyuma ya marobota yako, nikisoma. Wateja walikuuliza, "Huyu binti wa mwenye nyumba ni bubu?" Ukawajibu, "Huyu ni mke mwenzangu, anatunza maneno yake." Ulinipa dagaa wa usipa wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti, na nikimaliza kula nilikusomea kipande chenyewe. Habari ilipokatika katikati, wewe ulibuni mwisho wake.

Nakumbuka pia misumari miwili uliyopigilia kwenye miimo ya mlango, chini kidogo ya goti. Ukienda kuswali, uliulaza ufagio juu yake. Ukienda ziwani wiki nzima, ulifunga kufuli, kisha ukaulaza vilevile. Mtaa mzima ulijua: ufagio ukiwa mlangoni, mwenyewe anarudi. Hata watoto hawakuuruka.

Siku ile baba alipokuja na fundi mwenye msumeno wa chuma, aliutoa ufagio kwa mkono wake. Duka lilipobaki tupu, akalifagia kwa ufagio huohuo. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na begi la shule.

Kwenye baraza la ardhi baba alieleza kwamba ulikuwa umelihama duka, na kwamba kaka alihitaji mahali pa kuuzia simu. Ukasimama ukasema, "Muulizeni mjukuu wangu." Baba akacheka. "Huyu? Hata shikamoo yake huisikii." Mwenyekiti akaniuliza ufagio ule ulikuwa na maana gani. Nikasema. Akaniambia nirudie, nikarudia, na nadhani bado hakunisikia, maana baba ndiye aliyeshinda. Tulipotoka nje ulinishika kichwa ukasema, "Umesema. Inatosha." Kesho yake ukapanda basi.

Kumbe karani alikuwa amekaa karibu nami, akaandika kila neno. Mjomba alipoomba mahakama ya juu ilipitie upya shauri, jaji hakutuita. Alisoma faili. Mjomba alipopita hapa Mbinga alinionyesha nakala ya uamuzi, na maneno yangu yamo: kwamba mpangaji aliacha alama ya kurudi, na watu wa nyumba ya mwenye fremu waliijua alama hiyo. Jaji ameongeza kwamba hata kama ungekuwa umehama, baba alipaswa kuja na amri, si msumeno. Nilisoma mara tatu. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Ni baba yangu, na siku hizi anakula akiwa ameelekea dirishani.

Mjomba anasema umechoka na Mbinga, na hujaamua kama utarudi. Jana nilienda dukani. Ufagio niliukuta stoo kwa mama. Nilifagia, nikafunga, nikaulaza kwenye misumari. Mama mmoja kutoka kijiji cha Mapera akapita, mtoto mgongoni, akaniuliza, "Binti, bibi wa vitenge si alifukuzwa?"

Nikamwonyesha mlango.

"Ahaa," akasema, "basi nitapita tena."

Alikuwa ameshafika kona nilipotambua kwamba nimemwahidi jambo nisilolijua. Bibi, kama hurudi, niambie tu, nami nitautoa. Nilisimama mbele ya baba nikasema ufagio ule ukiwa mlangoni, mwenyewe anarudi. Sitaki ufagio useme uongo sasa, tena kwa mkono wangu.

Nawasalimu wote huko ufukweni, na wewe zaidi.

Mke mwenzako,
mjukuu wa nyuma ya marobota