Namba ya Tilde

Aarhus, 6 Mei 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Mgongo unaendeleaje, na huko Odense mvua imekatika? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaoniandikisha. Nilianza kukupigia simu nikakata kabla haijaita. Bora barua, ukitaka kuichana utaichana bila mimi kusikia.

Mama, mwaka na nusu hatujasemezana. Tangu Oktoba ile Baba alipokata roho hospitalini, na mimi niko kwenye mashindano ya mbio, simu nimeiacha ndani ya begi. Uliniambia mlangoni, majirani wanasikia: "Baba yako alikuita mpaka pumzi ya mwisho, na wewe unakimbia." Nayasikia maneno hayo kila nikifunga kamba za viatu.

Tarehe kumi Juni kuna nusu marathoni pwani ya magharibi, kijiji kinaitwa Sandhuse. Kilomita ishirini na moja, nusu lami, nusu mchanga kando ya bahari. Sijawahi kufika kule. Baba alikuwa akisema akipona tutakwenda wote.

Naomba uje usimame kwenye mstari wa mwisho. Usiseme neno, usinikumbatie, simama tu nikuone. Nikikukosa pale sidhani kama nitakuwa na nguvu ya kuandika tena. Nimechoka, Mama.

Mwanao,
Tilde

Odense, 21 Mei 2018

Tilde,

Hujambo? Mimi naendelea, mgongo ni ule ule.

Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, kisha nikaiweka kwenye droo ya vijiko kwa sababu sikujua pa kuiweka.

Unaniomba nije kutazama mbio! Kati ya vitu vyote duniani, mbio! Wewe mtoto huna haya, au huna kumbukumbu? Maua ya kaburi la baba yako nani anayamwagilia kila Jumapili? Mimi, na mgongo huu huu. Wewe kule una mazoezi.

Sitakuja. Kimbia salama. Chukua koti, upepo wa kule hauna adabu.

Mama yako

Sandhuse, 9 Juni 2018, Jumamosi

Mama,

Natumaini u mzima. Barua yako nimetembea nayo mfukoni wiki zote hizi, imechakaa kwenye mikunjo.

Kuhusu upepo ulisema kweli. Huku ukila mkate mweusi nje unatafuna na mchanga wake. Nimepanga kijumba na Malou wa kazini. Humjui; anakaa meza inayotazamana na yangu, anacheka hata akiumwa jino. Alichelewa kujiandikisha, akaja kunishangilia tu.

Leo nimechukua namba ya kubandika kifuani. Mbele wameandika jina langu. Nyuma kuna nafasi ya simu ya mtu wa kupigiwa ukipatwa na lolote. Nikaandika yako, mkono umeshamaliza ndipo akili inashtuka. Nikakaa kwenye ngazi za ukumbi nikalia, wakimbiaji wananipita na pini zao midomoni.

Sikimbii, Mama. Siwezi kufika pale nikaanza kutafuta uso wako na huku najua haupo. Malou kaniambia, "Mjinga wewe, nipe mimi! Namba nzuri hivi ioze mezani?" Hairuhusiwi, kubadilisha jina mwisho ilikuwa jana. Lakini kila mkimbiaji amewahi kufanya hivyo, na nani atajua? Nimempa. Kesho nitaiacha simu ndani, nitembee ufukweni upande wa pili, nisisikie vipaza sauti.

Posta siku hizi inachukua siku nne, tano. Utaisoma hii yote yakiwa yamekwisha. Sitakusumbua tena.

Aliyekuwa mwanao,
Tilde

Ujumbe wa simu, Jumapili, 10 Juni 2018

Saa sita kasorobo mchana
Tilde, wamenipigia kutoka kwenye mbio. Wanasema umeanguka kilomita ya kumi na saba, moyo ulisimama wakaushtua ukarudi. Natoka sasa hivi. Mama

Saa saba kasorobo
Nimevuka daraja. Nimeegesha pembeni nikuandikie. Jibu basi, hata nukta moja. Mama

Saa saba na nusu
Nimepiga mara tisa. Najua, iko kwenye begi. Siku zote kwenye begi! Sigombi, mwanangu, nasema tu.

Saa nane
Usife. Nakuomba, usinifanyie hivyo. Nilitaka kuja, Tilde. Siku mbili nilikaa na funguo za gari mkononi. Ni kiburi tu. Usife, tafadhali.

Saa nane na robo
Nimefika. Wanasema ningoje nje ya pazia.

Barua pepe, 11 Juni 2018

Mama,

U hali gani? Sijui nina haki gani ya kuuliza. Posta itachelewa, naandika kwenye simu.

Nilirudi kutoka ufukweni saa kumi na nusu. Ujumbe wako wote nikausoma kwa mpigo, nimesimama jikoni na viatu vimejaa mchanga. Nikachukua teksi mpaka hospitali. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Malou alikuwa ameshakufa, tangu saa tisa na dakika kumi.

Wameniambia ni wewe uliyewaambia kwamba yule si mimi. Hapo ndipo polisi wakaanza kupita kwenye nyumba za kupanga wakiuliza, mpaka mwenye kijumba chetu akawafungulia, wakakuta kitambulisho cha Malou kwenye pochi. Mama yake, Inge-Lise, anakaa mwendo wa saa moja tu kutoka pale. Saa moja tu, Mama! Alifika saa kumi na moja. Kama namba ingekuwa na jina lake, angemkuta hai.

Aliniuliza kitu kimoja: "Kwa nini hukuandika jina lake?"

Ni mara ya pili. Mara ya pili mtu anakufa na simu yangu iko mbali nami. Nakupigia hupokei. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Niambie nifanye nini, Mama, mimi sijui tena.

Tilde

Barua pepe, 13 Juni 2018

Mwanangu Tilde,

Umekula? Hilo kwanza. Kama hujala, inuka ule ndipo uendelee kusoma. Mimi nakunywa supu, inatosha.

Barua yako ya Jumamosi imefika leo mchana. "Aliyekuwa mwanao." Nimekaa chini pale pale mlangoni.

Sikupokea simu zako kwa sababu ya aibu, nitakueleza. Walipovuta pazia nikaona uso wa msichana mwingine, nilicheka. Kwa sauti, Tilde! Mtoto wa mwenzangu ana mipira puani, na mimi namshukuru Mungu. Muuguzi alivyonitazama nilitamani ardhi ipasuke. Nikavuta kiti nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama yako yuko njiani," na simjui mama yake wala yeye. Nilikuwa namwita Tilde, maana ndilo jina nililokuwa nalo. Alikufa anaitwa hivyo.

Sasa sikiliza. Baba yako hakukuita. Alikuwa amelala kwa dawa tangu alfajiri, hakutamka neno. Nilikuwa peke yangu naye, niliogopa sana, nikakuchukia kwa kuwa hukuwepo kuogopa na mimi. Nikatunga yale maneno. Mwaka na nusu nimekuacha uyabebe, kwa sababu kuyarudisha kulinishinda. Ningekuandikia ukweli mwezi Mei, ningekuja, ungekimbia mwenyewe, na jina kwenye namba lingekuwa la aliyeivaa. Nalijua hilo. Usinifariji, sitaki.

Inge-Lise nimempigia. Aliniuliza kama mwanawe alilia. Nikasema hapana, na ni kweli. Mazishi ni Jumamosi saa tano asubuhi. Mimi amenikaribisha kanisani. Wewe hataki kukuona, na ana haki yake, usimwandikie wala usimwombe lolote.

Nitakupitia Aarhus saa mbili asubuhi. Vaa nguo nyeusi. Sitaingia kanisani bila wewe. Tutakaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, mimi na wewe, mpaka watoke na Malou.

Mama yako