Kuonja Hakuhesabiki

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari za kazi na za hicho chumba chako kipya, naomba nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Tangu mwaka jana, asubuhi nyingi nikiwa darasani, huwa sipo. Mwili uko kwenye dawati, kalamu iko mkononi, lakini mimi nimo ndani ya kitu kama unga unaochekechwa, mweupe, laini, unashuka polepole bila kutua. Sauti ya mwalimu hunifikia kama ya mtu anayeongea chumba cha pili. Nilidhani ni uvivu. Baadaye nikadhani labda watu wote wako hivyo, ila wenzangu wanajua kuficha.

Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo? Miguu imezoea kusimama mapokezi siku nzima? Sisi huku hatujambo kiasi. Baba bado yuko safarini na lori. Alipiga simu akasema redio ya lori imekufa, kwa hiyo anajiimbia mwenyewe, na mifuko ya saruji huko nyuma haijalalamika. Mama naye, nitamfikia.

Bekari iko vilevile ulivyoiacha. Kioo cha mbele kina ule ufa, na jua la asubuhi likipitia pale huanguka kwenye meza ya kukandia kama kitambaa kilichokunjwa. Vumbi la unga huelea ndani yake, na mimi husimama nikilitazama mpaka niitwe mara mbili. Mkate wa kwanza ukitoka, Mama huukata ncha, huupuliza, hunipa. Natafuna nimefumba macho. Yeye hunitazama mdomo kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikisema chumvi iko sawa, trei nyingine zinaingia tanurini.

Wewe unajua kwa nini, maana kazi hii ilikuwa yako kabla ya kuwa yangu. Yale mafua makali yalimwondolea Mama harufu na ladha, na hazijarudi mpaka leo. Nje ya nyumba yetu hakuna anayejua. Ulipoondoka uliniachia kazi na jina lake. Wateja wanafikiri Mama ananiita Ulimi kwa utani, kwa sababu sisemi. Yule fundi cherehani jirani hunishika kila asubuhi, ananiambia yeye wa kwake umezidi urefu, tubadilishane hata kwa wiki moja. Mimi hucheka na kuangalia viatu.

Basi, muhula huu nililala kwenye mtihani, uso juu ya karatasi. Mwalimu hakunikemea. Alinipeleka kwa nesi wa shule, mama mfupi anayetafuna kifuniko cha kalamu mpaka kimepoteza umbo. Aliuliza polepole, na mimi nikajibu polepole zaidi. Tumbo hujaa na kukaza? Hujaa. Vidonda vya mdomoni? Viwili, vitatu, vinahama tu. Akanifunua kope la chini akasema ndani kumepauka, damu ni chache. Alisema kuna chakula kinachomgombeza mtu papo hapo, midomo ikavimba, kila mtu akaona. Kingine hakina kelele. Kinaweza kuchukua saa nyingi au siku nzima, na mtu akaja kulaumu usingizi, masomo, hata tabia yake.

Akanipa daftari la kuandika, kwa wiki tano, nilichokula na nilivyojisikia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maswali kwa lugha ya shule. Nikayatafsiri kichwani: umekula nini leo? Nikaandika kwa uaminifu wote. Chai ya maziwa, wali, maharage, yai, ndizi. Kwanza tulishuku maziwa. Nikayaacha wiki nzima, ukungu uko palepale. Tukaja kwa mayai, hali ileile. Nesi akaanza kunitazama kama hesabu iliyokataa.

Kisha tanuri likaharibika na bekari ikafungwa siku nane. Kufikia siku ya sita niliandika kwenye daftari kwamba nimeona namba zote ubaoni nikiwa nimekaa nyuma, na kwamba kuna mti nje ya dirisha la darasa. Dada, mti ule umekuwapo pale miaka yote. Nesi alizungushia duara siku zile, akauliza kilichobadilika. Nikasema hakuna. Akauliza kama huwa nakula mkate. Nikasema sili mkate, na sikuwa nadanganya. Nyumbani hakuna anayekaa na mkate kwenye sahani, mikate ni ya wateja.

Akainamia mkono wa sweta yangu, akapangusa unga kwa kidole, akauliza huu umetoka wapi. Nikamwambia Mama ni mwokaji, mimi naonja tu. Kalamu ikatoka mdomoni. Akauliza naonja mara ngapi kwa siku. Nikahesabu kwa vidole: mkate wa kwanza, skonzi, awamu ya pili, na ile ya jioni nikitoka shule. Trei kwa trei, ikafika tisa. Alicheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika, halafu akaniambia kwa upole kwamba tumbo langu halijui lugha ya shule wala Kiswahili, na kwamba kwake kuonja na kula ni kitu kimoja.

Nilikukumbuka wewe. Unakumbuka tulipokuwa tunabandua maganda ya mikate kabla ya chakula, Mama akiuliza nani anakula mali ya watu? Wewe ukajibu kwa sauti ya hakimu kwamba hatuli, tunaonja, na kuonja hakuhesabiki. Mama alicheka hadi akakaa chini. Toka siku ile ikawa sheria ya nyumba. Mimi niliibeba mpaka kwenye daftari la nesi.

Hakusema ni hakika. Alisema anaishuku ngano, na kwamba hospitali ipime damu kwanza. Akanionya nisiiache ngano kabla ya kipimo, kwa sababu damu inatakiwa ioneshe inavyopigana nayo. Akaandika barua ya kumwita mzazi. Barua hiyo iko ndani ya kamusi yangu, na leo ni siku ya kumi na mbili.

Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito. Nitamwambiaje Mama kwamba kinachoniumiza ni kile anachonipa kwa mkono wake, amekipuliza kisinichome? Na nikiacha, ataonja kwa ulimi wa nani? Nikachagua njia ya kijinga. Napokea kipande, nakificha shavuni, natikisa kichwa, natoka nyuma nakitema. Baadaye hata mdomoni sikitii. Nasema tu iko sawa. Kichwa kimetakata, Dada, asubuhi zina kingo. Pengine kipimo nacho nimekiharibu.

Alhamisi mikate haikuwa na chumvi. Hata chembe. Fundi cherehani aliurudisha wake umefungwa vizuri kwenye gazeti, akasema kwa adabu labda amepewa wa mgonjwa. Wakaja wengine. Mama hakuniuliza chochote. Alisema mbele yao wote kwamba Ulimi hakosei. Kama Ulimi alisema iko sawa, basi donge la kwanza lilikuwa na chumvi, na yeye ndiye aliyesahau kwenye mengine. Kisha akaitazama mikono yake, akaigeuza, kama ya mtu mwingine.

Sasa anapima chumvi mara tatu na kuweka alama ya chaki ukutani. Haimbi tena akikanda. Jana nilimsikia akimwambia Baba kwenye simu kwamba mikono nayo imeifuata pua, na kwamba ni afadhali afunge bekari mwenyewe mwisho wa mwezi kabla watu hawajamwonea huruma. Hakuna kilichoifuata pua, Dada. Alisahau mara moja tu, na mtu aliyewekwa pale kugundua hakuonja. Mtu huyo ni mimi.

Nilianza barua hii nikuombe umpigie simu umwambie wewe, kwa vile kusema unajua. Nimeiandika kwa siku tatu, na kila akipita naifunika kwa kamusi. Usipige. Wasalimie wenzako wa kazini, na wewe ule ukiwa umekaa chini.

Nasikia kandambili zake kwenye korido, moja inaburutwa. Barua ya nesi nimeitoa, iko hapa mezani, lakini imeandikwa kwa lugha ya shule na Mama hataielewa yote. Hii ataielewa. Kamusi nimeiweka sakafuni. Ikikufikia imechelewa, au ina alama za vidole vya unga, ujue imesomwa kwanza na

mama yetu.

Mdogo wako,
Ulimi