Bibi Anayeinuka Kitini Si Wangu

Mpendwa Shangazi,

Naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu mwanzoni mwa barua hii utaniona mtu mwenye haki, na mwishoni mimi mwenyewe sijui nitakuwa nani. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, nimesoma chuo miaka minne, na kazi yangu ni kutengeneza katuni za kompyuta, yaani wale watu unaowaona wakitembea na kusema kwenye kioo kumbe hawajawahi kuzaliwa. Naishi na mama yangu, sisi wawili tu. Mama naye alifanya kazi hiyohiyo zamani, kabla ya kompyuta, wakati kila kitu kilichorwa kwa mkono: mchoraji mkuu alichora mtu akiwa amekaa, akamchora tena akiwa amesimama, basi, kazi yake imeisha, na mama na wenzake wakachora zile picha zote za katikati, moja moja, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake, karatasi juu ya karatasi ili mstari uliopita uonekane, picha kumi na mbili, pengine ishirini na nne, kwa sekunde moja ambayo wewe utaitazama na kuisahau. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Kisha kampuni ikaleta mashine, na mashine ukishaipa picha ya mwanzo na ya mwisho inajaza katikati yenyewe, na wachoraji wa katikati wakapewa barua za shukrani. Sasa mama anashona sare za shule pale sebuleni.

Nakumbuka siku tuliyofundishwa jambo hilo chuoni, mwaka wa kwanza, nilirudi nyumbani mbio na kompyuta mgongoni nikamwambia, "Mama, njoo uone, kazi yako ya mwezi mzima mimi naimaliza kabla chai haijapoa." Nikaweka mpira upande huu, nikauweka upande ule, nikabonyeza, mpira ukaenda. Mama akatazama, akasema, "Umeenda kama lifti," akarudi kwenye cherehani yake. Nilijua ni wivu tu wa watu wa zamani.

Sasa kazini kwetu kuna mwenzangu tunamwita Kifutio, kwa sababu kifutio chake hakijapungua tangu tumjue, mstari akiuchora ameuchora. Hana cheti chochote, alikuwa anachora mabango ya vinyozi. Siku moja alipita nyumbani kufuata chaja yake, akasimama mlangoni mwa jikoni akitazama kile chuma chembamba chenye vijiti vitatu ambacho mimi nimekitundika ukutani tangu nikiwa sekondari, natundikia funguo.

"Mama," akasema, "hiki si ndicho cha kushikilia karatasi zisisogee?"

Mama akaacha kushona. Shangazi, mama yangu haachi kushona kwa ajili ya mtu, hata mimi nikirudi safari ananisalimia huku mguu unakanyaga.

Tangu siku hiyo Kifutio anakuja kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, anakaa sakafuni, mama kwenye kiti chake cha mikono na ile saa yake ya kuhesabia sekunde ambayo mimi nilikuwa nakatazwa kuigusa, na mimi niko chumbani mlango nimeurudishia kidogo, nasikia kila kitu. Zoezi lao ni kuchora bibi anayeinuka kitini kumfungulia mgeni.

"Bibi yako anainuka kwa muda gani?"

"Sekunde mbili, mama."

"Hizo ni zako wewe. Yeye magoti yake yana miaka sitini. Mpe nne."

"Nne nyingi, mama, atakuta mgeni ameshaondoka."

Wanacheka. Kisha, "Kabla hajaenda juu, anakwenda wapi?"

"Chini. Na nyuma kidogo."

"Ehe. Mwili hauondoki bila kuaga. Na picha zisongamane wapi?"

"Anapoanza na anaposimama. Katikati ziachane."

"Kamwambie yule wangu wa chumbani. Yeye mashine inamkatia sawasawa kama mkate. Lete karatasi, mwanangu."

Mwanangu. Anamwambia nani? Na mambo hayo nayajua, Shangazi, niliyafanyia mtihani nikashika nafasi ya pili darasani, kwenye kompyuta ni mstari unaoupinda kwa kipanya mpaka mwendo uchelewe kuanza na uchelewe kuisha, lakini hakuna aliyeniuliza. Roho imeniuma mpaka nikawa nahesabu ni mara ngapi anacheka naye na mara ngapi anacheka na mimi.

Sasa naja kwenye kosa. Ofisini tunatengeneza filamu fupi ya bibi mmoja anayesikia hodi, na mimi ndiye niliyepewa bibi. Nimemjenga mwenyewe, kwanza wavu wa nyuzi kama chandarua chenye umbo la mtu, ndani yake mifupa ya kumkunjia viungo, juu yake ngozi, mvi, na taa ya dirishani ikimwangukia shavuni. Mzuri kweli. Lakini kila nikimwinua kitini bosi anasema, "Bibi huyu anavutwa kwa kamba." Wiki tatu, kamba, kamba. Ndipo siku moja mama alipokwenda kupima watoto sare, nikapanda juu ya kitanda chake nikashusha kabatini bahasha ya michoro ya Kifutio ambayo mama anamtunzia. Karatasi arobaini na nane. Nikazipiga picha kwa simu, nikaziweka nyuma ya bibi yangu kwenye kioo, nikalinganisha mifupa yake na mchoro, mmoja baada ya mwingine, mkono kwa mkono, goti kwa goti.

Na nilipofika karatasi ya tisa nikaona mkono wa kushoto unautafuta mkono wa kiti, unaukosa, unautafuta tena. Ni mama. Ndivyo anavyoinuka. Nimeishi naye miaka ishirini na sita na sikuwahi kuona, Kifutio ameona kwa Jumamosi sita. Wivu nilioupata hapo, Shangazi, ulikuwa mkubwa kuliko aibu, nikaendelea mpaka karatasi ya mwisho.

Bosi aliona, akasema, "Sasa huyu mtu." Filamu ijayo amenipa niiongoze mimi. Kifutio naye alikuja mezani kwangu, akatazama, akaomba kuona tena, akasema, "Bibi anainuka vizuri," akarudi kwenye kiti chake. Hajasema neno lingine juu ya hilo mpaka leo, na Jumamosi alikuja kama kawaida, akanisalimia.

Ijumaa ijayo saa nane mchana filamu inaonyeshwa ofisini kwenye ukuta mzima na kila mmoja ameambiwa alete mtu wake wa nyumbani. Mama ameshajishonea gauni. Atajiona ukutani, na atajua mstari ule ni wa nani. Nimewaza nimwambie onyesho limeahirishwa. Nimewaza nikikate kile kipande niurudishe mwendo wangu wa kamba. Nimewaza pia kwamba kama mama angenifundisha mimi, yote haya yasingetokea. Je, nifanye nini?

Mimi,
Mwenye Kijicho

SHANGAZI ANAJIBU

Binti, nimeomba barua yako iruke foleni kwa sababu ya hiyo Ijumaa, kwa hiyo nisikilize haraka.

Kwanza, pole. Wivu wa mama unauma kuliko wa mume. Mume hupatikana mwingine, mama hana akiba. Kumsikia anamwita mtu "mwanangu" huku wewe uko nyuma ya mlango si jambo dogo, na sikucheki.

Sasa kaa sawa. Umeniandikia barua ndefu kunionyesha mwizi aliyekuibia mama. Mwizi niliyemwona humo ni mmoja, na ana cheti.

Nataka urudi pale ulipoandika habari za mpira. Umepapita mbio mbio kama kwamba hapana uzito. Ulimwendea mtu aliyeinamia meza ya taa miaka kumi na tisa, ukamwambia yote aliyofanya hayafiki kikombe cha chai. Na yeye hakukufukuza. Alikupa somo la kwanza palepale: umeenda kama lifti. Hilo ndilo somo lilelile analompa Kifutio kila Jumamosi. Mwalimu alishaanza, mwanangu, mwanafunzi akasema huo ni wivu. Halafu miaka yote hiyo chuma chake cha kazi unakitundikia funguo. Kifutio hakukuibia kitu. Aliuliza swali ambalo wewe ulikuwa unapita chini yake kila siku ukienda kunywa maji.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwenzako anakaa sakafuni. Wewe ulipanda juu ya kitanda.

Kipande usikikate, si chako kukikata. Mama usimdanganye, ameshajishonea gauni, na uongo wa pili utakuwa mzito kuliko wa kwanza. Kesho asubuhi nenda kwa Kifutio kabla hajafungua kompyuta, umwambie umechukua karatasi arobaini na nane. Anajua. Mtu anayeomba kuona mara ya pili anahesabu picha. Alichokuwa anangojea ni kukusikia, na kwa jinsi ulivyomweleza amengoja kwa adabu kuliko ambavyo ningengoja mimi. Kisha nendeni pamoja kwa bosi. Bibi umemjenga wewe, na kazi hiyo ni kubwa, usiitupe kwa aibu. Mwendo ni wa Kifutio. Majina mawili yaandikwe mwishoni mwa filamu, na bosi akisema ile filamu ijayo anaichukua, mwachie bila kununa.

Mama umwambie siku hiyohiyo, nyumbani, ninyi wawili. Magoti yake yatatokea ukutani mbele za watu, na hilo alisikie kwako kabla ya Ijumaa. Usimwambie "kama ungenifundisha". Akikaa kimya, ukimya huo ni wake, usiujaze wewe.

Na kabla hujafungua mdomo, nenda mlangoni mwa jikoni. Ondoa funguo zako. Kishushe kile chuma, kifute vumbi, kiweke mezani mbele yake pamoja na karatasi nyeupe, kisha ukae sakafuni. Huenda akakupa penseli uchore. Huenda akakupa uichonge tu, wiki nzima. Chochote atakachokupa, pokea kwa mikono miwili.